Fimbo ya Puli Inapotupa Mpira: Tafuta Ugonjwa Ndani ya Shibiri ya Mwisho

Kijana mmoja aliingia kibandani kwangu Majengo, Mombasa, jioni moja, mkoba mrefu mgongoni. "Shikamoo fundi." "Marahaba mwanangu, karibu." Akafungua mkoba akatoa fimbo ya kuchongewa: kitako cha mpingo kilichotiwa nakshi za mbao nyeupe, uzi wa kitani mahali pa kushikia, kiungo cha chuma kinachong'aa. Fimbo nzuri kwelikweli. Akaniambia, "Nataka unibadilishie kitako. Nikipiga katikati ya mpira naingiza. Nikipiga pembeni kidogo tu, mpira mweupe unanikimbia. Nadhani mpingo umekuwa mzito mno."

Kitako sikukigusa. Nilifungua shafti yake, yaani nusu ya mbele ya fimbo, nikaifunga kwenye kitako changu cha zamani chenye pini ya aina moja na yake, tukaenda hadi meza ya jirani. Mpira ukakimbia vilevile. Tukafunga shafti yangu ya tabaka, ile ya vipande vilivyogandishwa, kwenye kile kitako chake cha mpingo, na mipira ikaanza kuingia. Kitako hakikuwa na hatia yoyote.

Kisa hiki hunijia tena na tena kwa sura mbalimbali, na kila mara hunisikitisha kuona mtu yuko tayari kutoa pesa zake mahali pasipo na ugonjwa. Kanuni yangu ni hii: weka dole gumba kwenye ncha ya ngozi, pima shibiri moja kurudi nyuma. Matatizo mengi ya fimbo yamo ndani ya shibiri hiyo.

Kwanza tuelewane kwa majina. Kitako ni nusu ya nyuma, unayoshika kwa mkono wa kusukuma. Shafti ni nusu ya mbele, inayoteleza juu ya vidole. Feruli ni kile kipete cheupe au cha shaba kilichovishwa mwishoni mwa shafti, na juu yake hugandishwa ncha ya ngozi. Watu huniuliza, "Bora fimbo ya kuchongewa au shafti ya tabaka?" kana kwamba hivyo ni vitu viwili vinavyoshindana. Havishindani. Kuchongewa kunahusu nani aliyeitengeneza fimbo na kwa kipimo cha nani: uzito, urari, unene wa kushikia, urembo. Tabaka ni namna shafti ilivyojengwa: badala ya kijiti kimoja kizima, vipande vyembamba vimegandishwa pamoja kisha vikakerezwa. Mafundi wakubwa wa Marekani kama George Balabushka, mzaliwa wa Urusi, na Gus Szamboti wa Pennsylvania walijenga sifa yao yote kwa shafti za kijiti kizima cha mepo, ule mti mweupe mgumu wa Amerika ya Kaskazini. Wote wawili walikuwa wameshafariki shafti ya Predator 314 ilipokuja katikati ya miaka ya 1990, ikiwa na vipande kumi vilivyopangwa kuzunguka kitovu, kama mkate wa sinia ulivyokatwa. Kwa hiyo unaweza kuwa na kitako cha kuchongewa na shafti ya tabaka kwa pamoja, na wachezaji wengi wazuri ndivyo walivyo.

Kabla ya kuilaumu fimbo

Omba fimbo ya mwenzako, piga shuti lilelile mara tano. Nayo ikikosea vilevile, huenda tatizo ni meza. Meza nyingi zetu ziko chini ya makuti au kwenye veranda ya saruji isiyo sawa, na zile ambazo kitanda chake ni ubao badala ya jiwe hujaa unyevu zikavimba katikati. Viringisha mpira polepole sana kutoka upande mmoja hadi mwingine, utaona unakopindia. Angalia pia mpira mweupe. Kwenye meza nyingi za kutia sarafu huwa mdogo kuliko ile mingine, ili mashine iutambue na kuurudisha, na mpira mdogo una tabia yake.

Ukipiga katikati unaingiza, ukipiga pembeni mpira unakwenda kando

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na ndilo lililoleta shafti za kisasa duniani. Nitakaa hapa kidogo.

Ukipiga mpira mweupe upande wa kulia ili uzunguke, hautoki kufuata mstari wa fimbo. Hutoka kidogo kuelekea kushoto. Huo ndio mkengeuko. Ncha hugusana na mpira kwa takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde tu. Katika muda huo mpira unaanza kuzunguka na kuisukuma ncha pembeni, na ncha, kwa kuwa ina uzito, inausukuma mpira upande wa pili. Kadiri mbele ya shafti ilivyo nzito, ndivyo mpira unavyosukumwa zaidi. Muda wenyewe ni mfupi kiasi kwamba uzito ulio mbali na ncha hauwahi kushiriki. Ni sentimita 13 hadi 20 za mwisho tu zinazosema neno. Ndiyo maana mpingo wa yule kijana haukuhusika hata kidogo, ungekuwa na uzito wa jiwe.

Usiudharau mkengeuko kwa sababu ni mdogo kwa macho. Tofauti ya digrii 1 katika safari ya mita 2 ni sentimita 3.5. Kwenye mpira wa milimita 51 hiyo ni zaidi ya nusu ya mpira.

Na hapa pana jambo linalotuhusu sisi hasa. Shafti nyingi za mepo zinazoletwa kutoka nje zina ncha ya karibu milimita 13, na zimetengenezwa kwa mipira mikubwa ya Kimarekani ya milimita 57. Meza nyingi za mitaani kwetu, Kongowea, Likoni, Mtwapa, hutumia mipira ya milimita 51. Mpira huo una uzito wa karibu asilimia 70 tu ya ule mkubwa. Mpira mwepesi husukumwa kwa urahisi zaidi, kwa hiyo shafti ileile inayosifiwa Chicago itautupa mpira mbali zaidi ukiwa Kongowea. Mtu akikuambia kwamba fimbo fulani "haitupi", muulize kwanza alikuwa akipiga mipira gani.

Je, shafti ya tabaka ni dawa? Mara nyingi, lakini si kwa sababu watu wanayoidhani. Kugandisha vipande peke yake hakupunguzi mkengeuko. Kinachoupunguza ni wepesi wa mbele: shafti hutobolewa ndani karibu na ncha, feruli hufanywa fupi na nyepesi, kipenyo hupunguzwa. Tabaka huifanya mbao ivumilie kutobolewa huko bila kupasuka. Zipo shafti za tabaka zisizotobolewa, na hizo zinaweza kutupa mpira sawasawa na kijiti kizima. Ukinunua, usiishie kuuliza kama ni ya tabaka. Uliza kama ni tupu ndani na feruli ina urefu gani.

Kuna dada mmoja anayecheza Mtwapa, mkono mzuri sana. Shafti yake ya tabaka ilipasuka feruli, fundi fulani akamvisha feruli ndefu ya shaba ya manjano kwa nia njema, apate kitu kisichovunjika. Akanijia: "Mjomba, tangu itengenezwe siijui tena." Shaba ya manjano ni nzito zaidi ya mara sita kuliko plastiki ya feruli. Gramu chache tu zilikuwa zimeongezwa, lakini zimeongezwa mahali pabaya kuliko pote. Nilikereza ile shaba nikaiondoa, nikaweka ya plastiki, fupi, na fimbo ikarudi kuwa yake. Feruli ya shaba ina mahali pake: kwenye fimbo za Kiingereza za mti wa eshi, ule wenye michoro ya mishale kwenye nyuzi zake, ambazo ncha yake ni milimita 8.5 hadi 9.5 na feruli yake ni kipete chembamba.

Kuipima shafti yako hakuhitaji mashine. Weka mpira mweupe, na mpira mwingine mbele yake mita moja na nusu, mstari mnyoofu. Lenga katikati kabisa. Weka mkono wa daraja, ule wa mbele unaobeba shafti, sentimita 25 kutoka kwenye mpira na usiuondoe. Sasa sogeza kitako tu, ncha ielekee upande wa kulia wa mpira, kisha piga kwa nguvu ya kutosha, fimbo ikiwa imelala. Mpira mweupe ukigonga mwenzake uso kwa uso, hiyo sentimita 25 ndiyo namba ya shafti yako. Ukienda kushoto, leta mkono karibu. Ukienda kulia, urudishe nyuma, hadi upate umbali unaonyooka. Namba fupi maana yake ni mkengeuko mkubwa. Kwa mipira mikubwa, shafti ya kawaida ya mepo mara nyingi huangukia sentimita 20 na kitu, nyepesi ya tabaka hupita 30. Ukiijua namba yako, hata shafti inayotupa unaweza kuishi nayo. Wazee waliotufunza mchezo huu walicheza maisha yao yote na vijiti vizima na walijua kufidia bila kufikiri. Mimi siwezi kumwambia mtu mwenye mazoea ya miaka ishirini aitupe shafti yake, kwa sababu akibadilisha itambidi alenge upya kila shuti la pembeni.

Ncha inateleza, mlio wa "tak" unasikika

Anza na ngozi. Ncha iliyolala bapa haigusi mpira vizuri pembeni. Iwe na mviringo kama ukingo wa sarafu ndogo. Ikiwa imeng'aa kama kioo, imekuwa ngumu na haishiki chaki. Ikwaruze kidogo kwa msasa. Ikiwa imevimba na kutoka nje ya feruli kama uyoga, ikatwe pembeni.

Kisha chaki. Hapa kwetu chaki hunyonya jasho la mkono na unyevu wa hewa, ikawa kama sabuni. Usiiweke mfukoni. Ipake kwa kuipitisha juu ya ngozi taratibu, usiipekeche kama anayetafuta moto.

Lakini kuna sababu nyingine ambayo mtu haifikirii. Ncha ikigusa mpira mbali zaidi ya nusu ya njia kutoka kitovuni hadi ukingoni, itateleza hata ikiwa mpya. Kwenye mpira wa milimita 57 nafasi hiyo ni kama milimita 14, kwenye wa 51 ni chini ya 13. Mtu aliyezoea mipira mikubwa hotelini Nyali akija kwenye meza ya sarafu anateleza siku nzima na kuilaumu ngozi. Shafti ya tabaka nayo haikuongezei mzunguko. Inahisi hivyo kwa sababu mpira hautoroki, kwa hiyo unathubutu kupiga pembeni zaidi.

Fimbo inalia au inatetemeka mkononi

Funga kila kitu sawasawa kwanza. Toa raba ya chini ya kitako, kwa kuwa fimbo nyingi zina bolti ya uzito ndani, nayo ikilegea hutoa sauti inayosikika kama imetoka mbele. Ikaze. Bado inalia? Ning'iniza shafti peke yake kati ya vidole viwili, igonge kwa kifundo cha kidole. Nzima hutoa sauti safi. Sauti iliyokufa karibu na ncha ni feruli iliyolegea au, kwa shafti ya tabaka, gundi iliyoachia. Pinda shafti kidogo kwenye mwanga, utaona ufa mwembamba kama unywele kwenye mstari wa gundi. Ufa wa sentimita moja au mbili hujazwa supagluu nyepesi ukabanwa. Ukipita kiganja, shafti hiyo imekwisha na sitamdanganya mtu kwamba nitaiponya.

Gundi haiachii bure. Chanzo ninachokiona mara nyingi ni buti la gari lililoegeshwa juani mchana kutwa.

Imepinda

Viringisha shafti na kitako kila kimoja peke yake, kisha fimbo nzima ikiwa imefungwa. Vipande vikiwa vimenyooka kila kimoja lakini fimbo nzima inayumba, tatizo ni kiungo: uchafu, chembe ya gundi, au uso uliobonyea. Futa nyuso zote mbili kwa kitambaa kikavu kabla ya kumwita fundi. Watu wengi huishia hapo na kwenda nyumbani wakicheka.

Shafti yenyewe ikiwa imepinda, adui ni hewa yetu. Mbao iliyokaa kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 50 hutulia ikiwa na maji karibu asilimia 9 ya uzito wake mkavu. Kwenye asilimia 75, ambayo Mombasa ni jambo la kawaida, hupanda hadi karibu 14. Mbao haivimbi kwa urefu, huvimba kwa upana, na upande mmoja ukivimba kuliko mwingine ndipo kijiti kinapojipinda. Kipindi kibaya ninachokiona ni masika, kusi linapoanza na nguo hazikauki kambani: fimbo zilizoegemezwa ukutani tangu kaskazi huanza kuletwa kwangu moja baada ya nyingine. Ukuta una unyevu upande mmoja, chumba kina joto upande mwingine, na fimbo inabeba uzito wake ikiwa imeinama. Mambo matatu kwa pamoja.

Shafti ya tabaka huvumilia zaidi, kwa kuwa kila kipande kina hamu yake ya kupinda na vipande vingine vinaikataa. Kwa mtu anayeishi pwani, mimi naona hii ni sababu kubwa ya kuinunua kuliko hata mkengeuko. Shafti ya kaboni haijali unyevu kabisa, ila sauti yake na mguso wake si vya mti, na wengine hawawezi kuuzoea.

Ilaze fimbo au isimamishe wima kabisa ndani ya mkoba mgumu, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye sanduku la viatu vipya. Kunyoosha kijiti kwa joto la moto au kwa kukikalia usijaribu. Kitanyooka leo, masika yajayo kitarudi kulekule.

Wanaosafiri kwenda Nairobi kwa mashindano nao hupata kinyume chake. Kule juu hewa ni kavu, mbao husinyaa. Pitisha ukucha juu ya pete za kitako: ukikwama, mbao imepungua na pete imebaki. Mara nyingi hurudi sawa baada ya siku kadhaa nyumbani. Kitako cha mpingo usiokauka vizuri ndicho cha kuogopa, maana mpingo hukauka polepole mno na hupasuka kuanzia mwisho wa ubao. Ukichongewa kitako cha mpingo, muulize mchongaji ubao umekaa ghalani muda gani. Mwenye kuijua kazi yake hatakasirika.

Inanata kwenye vidole

Ni jasho na chumvi. Futa kwa kitambaa kilicholowa kidogo kisha kikavu hapohapo, halafu sugua haraka kwa kipande cha ngozi hadi upate joto. Poda inasaidia kwa dakika kumi na inachafua kitambaa cha meza, afadhali glavu. Msasa uwe nambari 1000 au zaidi, na kwa nadra. Nimepokea shafti zilizopungua milimita nzima kwa kusuguliwa kila Ijumaa.

Leo inapiga vizuri, kesho hapana

Kijiti kizima kina nyuzi zinazoelekea upande mmoja, kwa hiyo ugumu wake hutofautiana kidogo ukikizungusha. Weka alama ndogo ya penseli juu ya feruli, shika fimbo alama ikiwa juu kila wakati. Shafti ya vipande vilivyopangwa kuzunguka kitovu haina haja ya alama.

Shafti mpya haikai kwenye kitako

Hapa ndipo pesa hupotea kwa haraka zaidi. Pini za viungo hazifanani: 3/8-10 ina kipenyo cha 3/8 ya inchi na nyuzi 10 kwa inchi, na zipo 5/16-14, 5/16-18, Radial na Uniloc. 5/16-14 na 5/16-18 ukizitazama ni ndugu, na mtu akizilazimisha huharibu uzi wa shafti siku ya kwanza. Hata pini ikikubali, pima vipenyo vya nyuso mbili za kiungo. Kukiwa na ngazi unayoihisi kwa ukucha, mkereza anaweza kuisawazisha, lakini atakula rangi ya mojawapo.

Yule kijana wa mpingo shafti yake ilikuwa ya milimita 13, kijiti kizima, feruli ndefu kama inchi moja. Niliikata feruli nikaweka fupi, nikaikereza shafti hadi 12, na mpira ukatulia kiasi, si kabisa. Ameanza kuweka akiba ya shafti ya tabaka. Kitako chake amebaki nacho. Pini yake ni 3/8-10. Nilimwandikia kwenye karatasi, akaikunja na kuiweka ndani ya mkoba.